Siku Baba Alipomwamkia Diwani

Tulipomzika baba, Yahaya bin Omari, Ijumaa ya mwisho ya mfungo, watu waliokuja nyumbani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, hawakuniuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Walichotaka ni niwasimulie ile siku aliyompa Diwani shikamoo. Nikasimulia huku nalia, na katikati ya kulia nikajikuta nimesimama, mikono hewani, sauti imepanda, mpaka shangazi akaniambia, "Zamda, mwanangu, haya ni matanga, si mkutano wa hadhara." Lakini hata yeye alikuwa amesogeza mkeka wake karibu ili asikie.

Kwa asiyetujua, shikamoo ni shikamoo tu. Mdogo humwamkia mkubwa kila asubuhi, na Diwani alimzidi baba miaka sita. Ila baba alikuwa Mzigua. Babu yake alipanda kutoka pwani na msafara akiwa mpagazi, alipofika Tabora miguu ikamvimba, akabaki, akaoa. Diwani alikuwa Mnyamwezi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara, watu walipopita katika nchi za wenzao, wakauguzana, wakazikana njiani. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Ana haki ya kuchukua viatu vyako mlangoni na kuvaa. Hata msibani huja akamwigiza marehemu alivyokuwa akila, na wafiwa wakacheka na machozi yao. Ukikasirika, umeshindwa. Kati ya watani wawili kama baba na Diwani, shikamoo haikuwahi kupita. Ingekuwa sawa na mtu kumpigia hodi mkewe.

Kazi ya baba ilikuwa nyuki. Mama yangu, Batuli, alizaliwa Ipole, kijiji kilicho kando ya msitu, na kwa sababu hiyo baba alipewa sehemu ya msitu wa wakwe zake atundike mizinga. Alikuwa na mizinga themanini ya magome ya miti, na aliijua mmoja mmoja kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake: huu mkali, huu mvivu, huu umehamwa. Kila mwezi wa sita tulifunga nyumba ya Mtendeni tukahamia Ipole kwa bibi, mama yake mama. Baba na wenzake waliingia msituni wakapiga kambi wiki sita, wakatoka wananuka moshi, na asali ya mwaka mzima kwenye madebe. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, mpenda watu. Swala haikumpita hata akiwa juu ya mti. Alishuka, akatawadha kwa maji ya kibuyu, akaswali, akapanda tena.

Msitu huo una nyuki, na una mbung'o. Inzi huyo akikuuma mgongoni hata shati zito halisaidii, na ukiwa na bahati mbaya anakuachia malale, ugonjwa wa usingizi.

Diwani wetu, Wenceslaus Ngollo, alipata malale mwaka wa Azimio la Arusha. Alikuwa mtu wa Usoke, Mkatoliki, karani wa stesheni zamani, aliyekuja Ipole kwa kumfuata mkewe Marcelina na kazi ya chama. Walimchoma sindano ambazo alisema zilikuwa kama mtu anapitisha kaa la moto ndani ya mshipa. Akapona, lakini ugonjwa ulimwachia alama. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Ulimi ulikuwa mzito. Na mara nyingine, katikati ya sentensi, kope zilishuka akalala palepale kitini, kisha akazinduka.

Baba alikwenda kumtazama hospitalini. Hakusema pole. Aliingia wodini, akalala chini sakafuni kando ya kitanda, akaanza kukoroma. Muuguzi akaja mbio. Diwani, ambaye hakuwa amecheka mwezi mzima, alicheka hadi akashika mbavu.

"Tunaongozwa na usingizi!" baba akapiga kelele kutoka sakafuni. "Enyi watu wa Ipole, diwani wenu anaota maendeleo!"

"Mtoeni huyu mtumwa wangu," Diwani akasema kwa ulimi wake mzito. "Ananiharibia usingizi."

Baba akaondoka na viatu vya mgonjwa. Marcelina alivikomboa kwa jogoo.

Tangu alipotoka hospitali Diwani hakuwa na neno jingine. Utafiti! Alikwenda kijiji kwa kijiji, akisukumwa kwenye baiskeli kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena kuiendesha, akawaambia watu kwamba wapo wataalamu wanaoweza kuumaliza ugonjwa huu, lakini lazima kwanza waujue, na hawataujua kama sisi tunaficha damu zetu. Watu wengi waliogopa. Kulikuwa na maneno kwamba damu inauzwa. Yeye alinyoosha mkono ule unaotetemeka, akasema, "Hii yangu wameichukua mara kumi na nne. Mnaniona nimepungua?"

Nilimpenda kwa hilo. Baba pia alimpenda.

Kisha, mwezi wa nne mwaka 1969, tukiwa Ipole kwa bibi wakati wa likizo yangu ya shule ya sekondari, habari ikaja kwamba wataalamu wamekubali. Wangeleta Landrova, darubini na mitego ya mbung'o. Ipole yote ilichangamka! Wanawake walipiga vigelegele kisimani. Halafu tukasikia sehemu ya pili. Wataalamu walitaka msitu mtupu, usio na mtu wala moshi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, wahesabu inzi bila kusumbuliwa. Na Diwani alikuwa amekwisha kukubali kwa niaba yetu.

Mwezi wa sita mpaka wa nane! Familia arobaini zilikuwa zinaishi kwa asali ya miezi hiyo. Kuwafungia msitu ilikuwa sawa na kumwambia mkulima asivune, aje mwakani.

Baba hakuupinga utafiti. Aliyeupinga ni moyo wake tu uliokuwa unaogopa sindano, na hilo hakulisema. Hoja yake ilikuwa nyingine, nami naikumbuka neno kwa neno kwa sababu aliizungumza nyumbani siku tatu mfululizo. "Nani anayeumwa na mbung'o? Ni sisi. Ukitutoa msituni utahesabu inzi, lakini wagonjwa utawaona wapi? Watufuate kambini. Tutawaonyesha hata mahali mbung'o wanapolala."

"Basi kamwambie," mama akasema.

"Nitamwambia mkutanoni."

Mkutano ulifanyika uwanja wa ofisi ya ushirika wa asali. Baba alisimama. Hata hajafungua kinywa, watu wakaanza kucheka.

"Mzigua kasimama!"

"Diwani, shika viatu vyako!"

"Nyamazeni," baba akasema. "Nina hoja."

Kicheko kikazidi. Hoja! Mtani ana hoja! Mzee mmoja alikuwa anajifuta machozi. Baba alisubiri, akajaribu tena, "Huu mwezi wa sita..." lakini mtu akamwigiza sauti, na pale nikamwona baba yangu akifanya jambo ambalo lilimtafuna baadaye. Alizoea kuchekewa, na mazoea yakamshinda. Akatoa mzaha mmoja, sikumbuki upi, uwanja ukalipuka, akaketi. Hoja yake ilibaki mdomoni.

Aliyesimama baada yake ni Silasi, karani wa ushirika, kijana msomi na mkali, Mnyamwezi kama Diwani. Naye alikuwa na hasira ya haki kuhusu msitu. Alianza vizuri. Lakini nadhani aliona jinsi watu walivyomfurahia baba, akataka naye wamfurahie. Akauinua mkono wake wa kulia, akautetemesha. Akashusha kope, kichwa kikaanguka kifuani.

"Tunaongozwa na usingizi," akasema. "Huyu anaota ndoto, sisi tukose asali!"

Wengine walicheka, kwa kuwa sentensi ile walikwisha kuizoea. Kicheko kikafika katikati, kikakatika. Diwani alikuwa ameketi mbele akishika karatasi, na mkono wake halisi ukawa unatetemeka karibu na ule wa kuigiza. Karatasi zikamtoka. Marcelina akainama kuziokota moja moja, na hakuna aliyemsaidia, tuliona aibu hata ya kusogea. Diwani akaahirisha mkutano hadi Jumamosi, siku daktari wa utafiti atakapokuja kutia sahihi.

Watu walipomshika Silasi kumlaumu, alishangaa kweli. "Kwani maneno hayo si ya Mzee Yahaya? Mbona yeye mlicheka?"

"Yahaya ni mtani wake! Wewe ni nani kwake?"

"Lakini maneno ni yale yale."

Baba alisikia. Tulipofika kwa bibi, mama alimwandalia chakula, hakukigusa.

"Maneno ni yangu," alisema. "Nimeyaacha wazi, mtoto wa watu kayaokota."

"Yaokote basi," mama akamwambia. "Na hoja yako pia iokote. Jumamosi wanatia sahihi. Ukitania tena siku hiyo, mwezi wa sita usiniulize tutakula nini."

Na huo ndio ulikuwa mtego aliokuwa ndani yake. Akisema yeye, watu walicheka. Na wale ambao hawakucheka, tangu siku ya Silasi, walikuwa na jibu jingine: "Mwacheni mgonjwa wa watu. Mtu ameteseka, bado mnampinga?" Kwa hiyo msitu ungefungwa ama kwa kicheko ama kwa huruma, na hakuna ambaye angekuwa ameisikiliza hoja.

Alhamisi asubuhi nilimsindikiza kwa Diwani. Kwa kawaida baba aliingia nyumba ile kama upepo, akafunua sufuria jikoni, akauliza kwa nini wanapika takataka. Siku hiyo alisimama nje akaita, "Hodi!" Akaita mara ya pili. Mara ya tatu Marcelina akatoka na mwiko mkononi, uso umejaa hofu.

"Yesu na Maria! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shemeji."

"Mbona unapiga hodi?"

Diwani alikuwa kwenye kiti chake chini ya dari ya baraza. "Mtumwa wangu," alisema, "umekuja kuniaga? Unakufa wewe?"

Baba akaketi. Hakujibu mzaha. "Nakuja kukupinga Jumamosi. Na nataka nikupinge hasa, nikuangushe."

"Niangushe."

"Lakini unaumwa."

Sijawahi kumwona mgonjwa akikasirika vile. Alijaribu kusimama, akashindwa, akapiga mkono wa kiti. "Mwili ndio unaumwa! Neno langu linaumwa? Silasi kaniigiza, nimevumilia. Kinachoniua ni hawa wengine, wanaonikubalia kila kitu kwa sababu mkono unatetemeka. Nikisema jua ni la kijani watasema ndiyo, maskini, ni la kijani. Nitajuaje kama nimekosea? Utafiti gani huo, mtu asiyeambiwa amekosea?"

"Umekosea," baba akasema.

"Basi niambie Jumamosi, mbele ya daktari, ili naye asikie." Kisha akatabasamu upande mmoja, ule ambao ulikuwa bado unamtii. "Ila watacheka, Yahaya. Wewe hata ukisoma khutba watacheka."

Usiku huo baba aliswali rakaa nyingi kuliko kawaida.

Jumamosi! Landrova ilikuwa imefika mapema, ina vumbi hadi kwenye kioo, na daktari, kijana mrefu kutoka Moshi, ameweka darubini yake juu ya meza ya ushirika. Watu walijaa hadi juu ya ukuta wa ghala. Diwani alisoma mpango, polepole, ulimi ukimgomea. Akauliza, "Nani ana neno?"

Baba akasimama. Kicheko kikaanza, kama ilivyotarajiwa. "Viatu! Viatu!" Baba hakuketi. Alitoka kwenye mstari wa watu, akapita katikati ya uwanja hadi mbele ya meza. Akavua kofia yake. Akainama, mikono miwili mbele.

"Shikamoo, Ndugu Diwani."

Wallahi, nilisikia kuku akiparua nyuma ya ghala. Mtu mmoja alicheka peke yake, akaona yuko peke yake, akaacha. Diwani alimtazama baba kana kwamba hamjui. Mdomo ukamcheza, akatafuta neno ambalo hakuwahi kumpa mtu huyu katika miaka ishirini ya kujuana.

"Marahaba," akasema. "Sema."

Baba akageuka kwanza kwa watu. "Maneno aliyosema Silasi juma lililopita yalikuwa yangu. Mimi niliyasema hospitalini, kwa mtani wangu, akacheka. Huo ni utani, na una mipaka yake, hauazimwi. Namwomba Diwani radhi kwa kuyaacha yazagae. Leo sina utani. Leo mimi ni mfuga nyuki, naye ni kiongozi wangu, na naona amekosea."

Kisha akamgeukia Diwani, akatoa hoja! Alizungumza kama mtu anayepanda mti, tawi baada ya tawi. Akaeleza wiki sita za kambi. Akaeleza ni mabonde gani mbung'o huongezeka na saa ngapi. Hakutaja mkono wala usingizi wala ugonjwa. Akasema, "Umekubali jambo letu bila kutuuliza. Hilo la kwanza. La pili, unatafuta ugonjwa mahali ambapo umeshawaondoa watu wanaougua. Daktari, nisahihishe kama..."

Hapo Diwani akalala.

Kope zilishuka, kidevu kikagusa kifua. Uwanja mzima ukamtazama baba. Nafasi ilikuwa mikononi mwake! Daktari alikuwa ameshika kalamu, anamsikiliza, anatikisa kichwa kukubali. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Malizia, Mzigua, malizia sasa!" Silasi mwenyewe alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu.

Baba akafunga mdomo. Akasimama palepale, kofia mkononi, jua la saa sita kichwani, akangoja. Nasi tukangoja. Mtoto akalia akanyonyeshwa. Daktari akaweka kalamu chini. Sijui ni dakika ngapi, mimi niliona mwaka.

Diwani akazinduka. Akatazama huku na huku, uso umejaa aibu. "Umefika wapi?"

"Sijaendelea," baba akasema. "Nilikuwa nakungoja. Nimefika kwenye la pili."

"Rudia la pili."

Baba akarudia. Na Diwani, akiwa sasa macho kama mtu aliyemwagiwa maji, akajibu. Mapambano yale! Diwani alikubali la kwanza waziwazi: "Nimekosea, ilinipasa kuwauliza." Uwanja ukavuma. Lakini la pili alilikamata, akalipindua. "Unasema wataalamu wawafuate kambini. Wakishawafikia watafanya nini? Watawatazama? Wanataka damu. Wewe, Yahaya, mara ngapi umetoa damu?"

Baba akaikunja kofia mkononi.

"Nijibu. Umenipinga vizuri, nami nakupinga. Mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Na wenzako wa kambini?"

"Hawajawahi."

"Basi kwa nini nifungue msitu kwa watu wanaoficha damu?" Hakumbembeleza hata kidogo, na baba hakutaka kubembelezwa. Nilimwona jasho likimtoka, mtu aliyezoea nyuki mia usoni anaogopa sindano moja. Mama alikuwa ameshika kiganja changu hadi kinauma.

"Fungua msitu," baba akasema mwishoni, "na asiingie mtu ambaye hajatoa damu, na asirudi nyumbani bila kutoa tena. Na mimi wa kwanza."

"Sasa?"

"Sasa."

Diwani akamgeukia daktari. Daktari akafikiri, akauliza maswali mawili kuhusu kambi, akasema hesabu ya inzi inaweza kufanywa katika mabonde mawili tu yatakayofungwa, na kwingine watu wakaendelea. Akakata mstari kwenye karatasi yake, akaandika upya. Baba akanyoosha kidole, akafumba macho, akasema "Bismillahi," na alipochomwa akapiga ukelele hata Silasi akacheka, na hakuna aliyeona ubaya. Silasi alikuwa wa pili kwenye mstari. Kabla hajanyoosha kidole alikwenda kwa Diwani, akaongea naye kwa sauti ya chini, na sikusikia walichosema. Mstari ulifika barabarani.

Mwezi wa sita wakaingia msituni. Kila Jumatatu Landrova iliwafuata kambini. Wiki ya nne darubini ilionyesha wadudu wa malale katika damu ya watu wawili, vijana wenye nguvu ambao hawakuwa wakijisikia chochote zaidi ya homa kidogo. Baba alitembea kutwa nzima kutoka kambini kumpelekea Diwani habari, na wakati huo Diwani alikuwa hatoki tena kitandani. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na hakuwahi kuinuka tena.

"Wawili?" akauliza.

"Wawili. Wamepelekwa hospitali asubuhi."

"Walipanda gari wenyewe?"

"Wenyewe. Mmoja alibishana na dereva, alitaka kukaa mbele."

"Hawakubebwa kama mimi?"

"Hawakubebwa."

Marcelina alitusimulia kwamba mumewe alimwomba baba aseme tena, na baba akasema tena, mara tatu, kila mara na jina la yule aliyetaka kukaa mbele.